Mambo Tuliyoyaondoa: Klabu ya Vigari vya Mfereji Mjini Lubumbashi

Kigari cha mfereji hakina usukani. Ubao wa njia huchimbwa mfereji mwembamba, wenye upana wa milimita 3 hivi, na chini ya pua ya kigari kuna ulimi wa plastiki unaozama humo na kukiongoza. Kandokando ya mfereji hulazwa reli mbili zinazopeleka umeme kwenye mota. Dereva husimama kando ya meza akiwa ameshika kidhibiti chenye kifyatulio, na kazi yake yote ni kuamua umeme kiasi gani uende, na uende wakati gani. Mgeni akielezwa hivyo huona ni mchezo wa watoto usio na la kujifunza, kwa kuwa gari haliwezi kupotea njia. Hubadili mawazo kwenye kona ya kwanza, pale ulimi unapochomoka mferejini na gari likaenda kutua miguuni pa watazamaji.

Klabu yetu hukutana Jumamosi alasiri katika karakana ya seremala mmoja wa komini ya Kampemba, ambaye sote tunamwita Papa Seremala, hata wale waliomzidi umri. Mimi hufundisha umeme katika shule ya ufundi. Wengine ni mafundi wa simu, dereva wa lori wa njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, wanafunzi wawili watatu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mama mmoja mshonaji ambaye ndiye anayeongoza msimamo wa msimu huu. Nimeshiriki tangu siku za mwanzo, na ninayoandika hapa yanahusu jambo moja lililotuchukua misimu kadhaa kulikubali: karibu kila mara mashindano yetu yaliponoga zaidi, ilikuwa ni kwa sababu tumeondoa kitu, si kwa sababu tumeongeza.

Cha kwanza kuondoka kilikuwa sumaku, na ili jambo hilo lieleweke ni lazima niseme kidogo kuhusu seti za dukani. Mwaka 1957 Mwingereza Fred Francis, ambaye kampuni yake ya Minimodels ilikuwa ikiuza vigari vya bati vya kukaza springi, alivitia mota ya umeme na kuvipa njia yenye mifereji, na bidhaa hiyo ikaitwa Scalextric. Mwaka 1963 kampuni ya Carrera ilianza Ujerumani, na katika miaka hiyo hiyo ya 1960 Marekani ilipata kumbi nyingi za biashara ambamo watu walilipia muda wa kukimbiza magari yao kwenye njia kubwa. Seti za nyumbani za siku hizi ni vipande vya plastiki vyenye reli za chuma, na magari mengi hufungwa sumaku ndogo chini ya tumbo, karibu na ekseli ya nyuma. Sumaku huvuta reli, gari likagandamizwa njiani, na mtoto akaweza kupita kona nyingi bila kupunguza kasi.

Seti yetu ya mwanzo, aliyoitoa mmoja wetu baada ya ndugu yake kurudi kutoka Ubelgiji, ilikuwa ya namna hiyo hiyo, ya ukubwa wa 1:32, ambao hufanya gari la mita 4.5 liwe na urefu wa sentimita 14. Tuliifurahia kwa muda, kisha uchovu ukaingia bila mtu kujua sababu. Sababu ni hii: gari lenye sumaku halionyi. Linashika, linashika, halafu likishapita kiwango ambacho sumaku inaweza kulizuia, linang'oka lote kwa mara moja. Dereva hapewi nafasi ya kuhisi chochote kati ya kushika na kuruka, kwa hiyo mashindano yanageuka kuwa kubonyeza kifyatulio mpaka mwisho na kukariri ni kona gani mbili tatu zinazohitaji kukiachia.

Tulipofungua skrubu na kuzitoa sumaku zile, mzunguko mmoja ulichukua muda mrefu zaidi, na wapo waliolalamika kwamba tumeharibu magari. Lakini mkia ulianza kuteleza. Gari lisilo na sumaku likiingia konani kwa kasi iliyozidi kidogo, sehemu ya nyuma hufunguka kuelekea nje, taratibu kiasi cha macho kuiona, na dereva mwenye kidole chepesi anaweza kupunguza umeme, kuusubiri mkia urudi, kisha kuongeza tena kabla kona haijaisha. Hapo ndipo mama mshonaji alipoanza kutushinda wanaume wote. Miaka ya kukanyaga na kuachia pedali ya cherehani ilikuwa imemfundisha kipimo ambacho sisi tulikuwa tunakianza upya.

Baada ya sumaku, plastiki nayo haikukaa muda mrefu. Papa Seremala alitutengenezea njia ya mbao za MDF, yaani za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, yenye mifereji minne, mzunguko wa takriban mita 15, akaichimba kwa mashine yake ya kuchimbia mifuo huku akiongozwa na ufito wa mbao unaopindika, ili kona zake zisiwe za mviringo ule ule wa vipande vya dukani. Sehemu za reli tulibandika utepe wa shaba wenye gundi nyuma yake. Shaba haivutwi na sumaku, hivyo hata mtu akificha sumaku chini ya gari lake, haimsaidii kitu; sheria yetu inalindwa na metali yenyewe. Sina budi kuongeza kwamba malori yaliyobeba shaba ya Katanga hupita nje ya mji wetu usiku na mchana yakienda mpakani, na sisi tukitaka mita chache za utepe wake tunaagiza kutoka ng'ambo. Dereva wa lori hutukumbusha hilo kila gundi inapobanduka.

Njia ya mbao ina madai yake, na madai hayo hufuata majira ya Lubumbashi. Wakati wa mvua MDF isiyopakwa rangi hunywa unyevu na kuvimba, kwa hiyo ni lazima ipakwe juu, chini na hasa kwenye kingo zilizokatwa. Maungio yakiinuka hata kidogo, ulimi wa gari hugonga na kuruka. Shaba nayo hubadilika rangi na kuwa ya kahawia, umeme ukawa haupiti vizuri, na dawa yake ni kitambaa chenye spiriti, si msasa, kwa maana utepe ni mwembamba sana. Wakati wa kiangazi adui ni vumbi. Kuanzia Juni vumbi jekundu hupenya kila mahali hata kama madirisha yamefungwa, likakaa juu ya rangi ya njia, na tairi zikaliokota mpaka zikateleza kama zimepakwa mafuta. Tunafagia, tunapangusa kwa kitambaa chenye unyevunyevu, kisha tunalikimbiza gari la zamani kwa muda mrefu ili lisafishe mistari, na kila dereva huvingirisha tairi zake juu ya utepe wa gundi kabla ya kuanza. Baridi ya asubuhi za Juni na Julai huongeza shida, maana mpira uliopoa haushiki, na ndiyo sababu hatuanzi mashindano kabla ya alasiri.

Kuhusu umeme ningeweza kuandika kurasa nyingi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mwanzoni tulitumia kibadilishi cha umeme cha seti ya dukani kilichochomekwa ukutani, na mtu yeyote anayeishi hapa anajua kwamba kinachotoka ukutani si kile kile saa kumi na saa kumi na mbili, na kuna siku hakitoki kabisa. Hata hivyo, kukatika kwa umeme hakukuwa tatizo kubwa kuliko yote. Ukikatika, wote mnasimama, na haki inabaki. Tatizo lililozaa ugomvi lilikuwa la chanzo dhaifu kinachogawanywa kwa njia nne. Mfano wake ni bomba la uani linalotumiwa na nyumba kadhaa: jirani akifunga lake, lako linaruka maji kwa nguvu. Magari matatu yanapovuta umeme kwa pamoja, volti zinashuka kwa wote. Moja likiacha mfereji ghafla, volti hupanda kwa waliobaki, na wewe uliyekuwa katikati ya kona ukiwa umeshika kifyatulio vizuri kabisa unajikuta umerushwa nje kwa kosa la mwenzako. Watu walituhumiana. Mwanafunzi mmoja alifikia kusema kwamba wazee wanajiangusha makusudi ili kuwatoa vijana.

Tulikiondoa kile kibadilishi na kuweka betri ya lori ya volti 12. Betri ya risasi na asidi ina ukinzani mdogo mno ndani yake, yaani haiuzuii sana umeme unaotoka, hivyo gari moja kuanguka au kuondoka kwa nguvu hakusikiki kwenye njia nyingine. Kumbi kubwa za Marekani nazo zilitumia betri kwa sababu hiyo hiyo. Ikiwa imejaa na haijafungwa chochote huonyesha volti 12.6 au 12.7. Magari yetu manne kwa pamoja huvuta wastani wa ampea 2 hivi, kwa hiyo betri ya ampea-saa 100 humaliza alasiri nzima ikiwa imetumia sehemu ya kumi tu, na volti hushuka polepole kiasi kwamba hakuna anayehisi. Lakini betri hiyo hiyo, kwa sababu ya ukinzani mdogo, hutoa mamia ya ampea mtu akiangusha bisibisi juu ya nguzo zake. Kila njia yetu ina fyuzi yake, betri imefungiwa ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, na huchajiwa nje ya karakana kwa kuwa hutoa hidrojeni, gesi inayoweza kulipuka. Katika mambo haya sipokei maombi ya mtu, hata yawe ya mkubwa namna gani.

Jambo ambalo wageni hulishangaa ni waya wa tatu. Kidhibiti chetu hakina waya mbili bali tatu: mmoja unaleta umeme kutoka betri, wa pili unaupeleka relini, na wa tatu ni wa breki. Ukiachia kifyatulio kabisa, waya wa tatu huunganisha ncha mbili za mota. Mota ambayo bado inazunguka inageuka kuwa jenereta, umeme wake unarudi ndani yake yenyewe, na magurudumu yanakamatwa. Bila waya huo gari huteleza tu hadi liishiwe nguvu. Wanafunzi wangu shuleni husoma habari hii kwenye daftari na kuisahau, lakini aliyewahi kuona kigari kikisimama ghafla ncha ya njia kwa sababu tu kidole kimeachia, hahitaji kuelezwa tena.

Sasa nije kwenye magari yenyewe, ambako nusu ya utamu wa mchezo upo. Tairi za nyuma hutoka kiwandani zikiwa si duara kamili. Tunazigandisha kwenye rimu kwa gundi, kisha tunalifunga gari ili nyuma iguse kipande cha msasa laini, tunaipa mota volti 3 au 4 tu, maana kwa mwendo mkubwa mpira hutanuka na kudanganya, halafu tunasubiri. Mwanzoni unasikia msasa ukikwaruza kwa vipindi, kwani tairi inagusa upande mmoja; mlio huo hupungua mwanya wake, na unapokuwa mfululizo bila kukatika, tairi imekuwa duara. Tairi za mbele hufanyiwa kinyume chake. Hazina kazi ya kushika, kwa kuwa ulimi ndio unaoongoza, kwa hiyo hupakwa rangi ya kucha ili ziteleze, na zinatakiwa ziguse njia kwa shida. Wanaume wazima huonekana madukani wakichagua chupa za rangi ya kucha, na wauzaji wamekwisha kutuzoea.

Uzito tunaupata kwa mafundi wa tairi, ambao wana vipande vya risasi vya kusawazishia magurudumu vilivyokwisha kutumika. Kipande kidogo hubandikwa chini kabisa ya chasi, katikati ya ulimi na ekseli ya nyuma, kwa sababu uzito ulio juu hupindua gari na ulio nyuma mno hulifanya mkia ubembee. Risasi ni sumu, na anayeishika hunawa kabla ya kugusa chakula; watoto hawaigusi. Skrubu za bodi nazo hazikazwi mpaka mwisho. Zikilegezwa nusu duru, bodi hucheza kidogo juu ya chasi, mtetemo wa njia haufiki juu, na gari linatulia konani. Hilo lilikuwa gumu kulikubali kwa dereva wa lori, ambaye riziki yake hutegemea skrubu zilizokazwa.

Wapo waliojitengenezea chasi nzima. Mmoja wa mafundi wa simu alikulia mtaa wa Katuba akiunda magari ya waya yenye fimbo ndefu ya kuongozea, yale ambayo kila mtoto wa hapa ameyasukuma, na mikono yake haijasahau. Alikata vipande vya shaba nyeupe, akaviunga na waya wa chuma kwa bati la kulehemu, akapata chasi inayonyumbuka pale inapotakiwa kunyumbuka. Hajui kwamba wachezaji wa miaka ya 1960 huko Marekani walifanya hivyo hivyo, au labda nilimwambia akapuuza.

Kitu cha mwisho tulichokiondoa ndicho kilichouma, yaani uhuru wa mota. Mwenye jamaa ng'ambo alikuwa akipokea mota za mizunguko mingi zaidi kwa dakika, na wengine wakafuata kwa kukopa. Njia ya mita 15 haina mahali pa kuitumia kasi hiyo. Hata kwa mota za kawaida mzunguko wa sekunde 5 ni wastani wa mita 3 kwa sekunde, ambao ukizidishwa mara 32, kana kwamba gari ni la ukubwa halisi, unakaribia kilomita 350 kwa saa. Hata hivyo watu walinunua, kwa sababu mwenzao amenunua. Siku hizi mota ni mali ya klabu, za aina moja, na hugawiwa kwa kura mbele ya wote kabla ya mashindano. Kila mtu huifunga yake, hukimbia, na huirudisha. Gia pia zimefungwa: meno 9 kwenye mota na 27 kwenye ekseli, uwiano wa 3 kwa 1, ingawa Papa Seremala hajaacha kudai kwamba 28 yangefaa zaidi. Wawili waliondoka klabuni kwa sababu ya sheria hiyo, na mmoja wao alikuwa rafiki yangu wa karibu. Waliobaki ni wengi kuliko waliokuwapo.

Mashindano huendeshwa kwa zamu. Njia ya ndani ni fupi lakini kona zake ni kali, ya nje ni ndefu na haina ukuta wa kumwegemeza anayeteleza, hivyo kila dereva hukimbia kwenye kila njia kwa muda ule ule, na mizunguko yake hujumlishwa. Muda ukiisha umeme hukatwa, gari hubaki pale liliposimama, na kwa kuwa njia imegawanywa vipande vyenye namba, namba ya kipande hicho huongezwa kwenye hesabu, maana mara nyingi mshindi hupatikana kwa vipande viwili vitatu. Aliyemaliza zamu yake haendi kukaa. Huenda kusimama konani kuwa mrudishaji wa magari yanayoanguka. Mrudishaji mzuri haangalii gari la rafiki yake, anaangalia mfereji. Huchukua gari kwa vidole viwili, huzamisha ulimi kwanza, hulinyoosha, huachia, na huondoa mkono njiani kabla gari jingine halijafika. Yakianguka mawili kwa pamoja, huanza na lile lililogongwa. Anayekwepa zamu hii hupunguziwa mizunguko, na kwa kweli hii ndiyo adhabu tunayoitoa mara nyingi kuliko zote.

Hesabu ya mizunguko hufanywa na kifaa alichokiunda fundi simu mwingine kwa taa za infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho, zilizochongewa chini ya mfereji. Kilifanya kazi vizuri mpaka kiangazi kilipofika, kisha kila saa kumi na nusu njia nyekundu ikaanza kupoteza mizunguko. Kijana aliyekuwa akirudisha magari ndiye aliyegundua. "Papa Mwalimu," aliniambia, "tazama jua." Mwali ulikuwa ukipita katika ufa wa dirisha la magharibi na kuangukia kipokezi cha njia hiyo, na jua lina infraredi nyingi kuliko taa yoyote ya dukani. Daraja dogo la kadibodi juu ya mstari wa kumalizia lilitosha.

Kijana huyo na wenzake wana kundi lao sasa. Ili wasivunje magari, niliwawekea diodi nne, vijisehemu vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, kwa mfuatano kwenye waya unaoleta umeme kabla ya kidhibiti. Kila diodi hula takriban volti 0.7, kwa hiyo gari linapata chini ya volti 10 huku breki ikibaki na nguvu yake yote, kwa kuwa njia ya breki haipiti kwenye diodi. Mbio zao ni za karibu sana, magari manne yakiwa nyuma kwa nyuma kwa dakika nzima bila kuanguka hata moja. Wiki chache zilizopita mama mshonaji aliomba zile diodi zisitolewe vijana walipomaliza, na watu wazima wakakimbia hivyo hivyo. Dereva wa lori anasema ni mwendo wa mazishi, Papa Seremala anasema hajawahi kuona mashindano mazuri kama yale, na hoja itapigiwa kura kabla ya msimu wa mvua kuanza. Mimi nimekwisha kununua diodi nyingine.